Kadi Ifike Anakofika Mgonjwa: Kuchagua Bima ya Afya Uzeeni katika Bonde la Kilombero

Bima ya afya ni makubaliano ambayo kwayo mtu au kaya hulipa mchango unaojulikana mapema, ili gharama za matibabu zisizojulikana zibebwe na mfuko wa watu wengi pindi ugonjwa unapotokea. Kwa kijana, makubaliano hayo ni kinga dhidi ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Kwa mtu aliyefikisha miaka 60, ambao ndio umri unaotambuliwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 kuwa mwanzo wa uzee, ni njia ya kulipia jambo ambalo mara nyingi limekwisha kuanza: presha imekwisha kupimwa, sukari imekwisha kuonekana, jicho moja limekwisha kuingia ukungu, na daftari la kliniki linaelekea kujaa. Kwa sababu hiyo, vipimo vinavyomfaa kijana, yaani kutazama ukubwa wa mchango na kuhesabu hospitali zilizoorodheshwa, havimtoshi mzee. Bima ya mzee wa Ifakara, Mlimba, Malinyi au Mahenge inapaswa kupimwa kwa njia anayopita mgonjwa huyo mmoja, kuanzia mlangoni kwake hadi hospitali ya mwisho anayoweza kupelekwa kwa maradhi aliyonayo, na bima inayofaa ni ile isiyomwacha katikati ya njia hiyo.

Njia ya mgonjwa bondeni

Huduma za afya Tanzania zimepangwa kwa ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati ya kijiji, hupanda kituo cha afya kama kile cha Kibaoni mjini Ifakara, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na mwisho hospitali ya kanda au ya taifa. Kuhamishwa kutoka ngazi moja kwenda ya juu yake kwa barua ya daktari ndiko kunakoitwa rufaa. Katika bonde la Kilombero ngazi hizo zina sura ya pekee, kwa kuwa hospitali inayotegemewa zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara, ni mali ya Jimbo Katoliki la Ifakara, ingawa hupokea wagonjwa wa wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi bila kujali dini zao. Ng'ambo ya mto ipo hospitali ya wilaya mjini Mahenge, na huko Malinyi ipo hospitali ya Kilutheri ya Lugala. Anayehitaji zaidi ya hapo hupelekwa Morogoro mjini, safari inayozidi kilomita 200 kutoka Ifakara, au Dar es Salaam, ambako Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa huduma zisizopatikana bondeni. Daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, limeifupisha sana safari ya watu wa Ulanga na Malinyi, lakini masika bado yana nguvu juu ya barabara za udongo, na kwa mtu wa Chita au Mlimba treni ya TAZARA inaweza kuwa ya uhakika kuliko gari.

Kabla ya kuzungumzia mfuko wowote wa bima, familia inashauriwa kuichora njia hii kwenye karatasi moja. Upande wa kushoto yaandikwe maeneo ambayo mzee amekwisha kutibiwa katika miaka miwili iliyopita, kwa kufuata daftari lake la kliniki wala si kumbukumbu. Katikati yaandikwe maradhi aliyotibiwa na dawa anazomeza kila siku. Upande wa kulia iandikwe ngazi ambayo daktari amesema, au anaelekea kusema, kwamba ndiyo itakayofuata. Karatasi hiyo ndiyo kipimo, kwa maana kila bima itakayofikiriwa itawekwa juu yake, na mahali itakapokatika ndipo familia itakapolazimika kutoa fedha taslimu, pengine kwa kuuza mpunga kabla ya bei kupanda au kwa kukopa.

Haki zilizopo kabla ya kununua

Kosa linaloigharimu familia nyingi ni kununua kitu ambacho mzee alikuwa na haki ya kukipata kwa njia nyingine. Zipo njia tatu zinazopaswa kuchunguzwa kwanza.

Njia ya kwanza ni msamaha wa wazee. Tanzania ilianzisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaweka wazi kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Maneno yenye uzito hapo ni "wasio na uwezo", kwa kuwa umri peke yake hautoshi. Hali ya mzee hutambuliwa kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa, kwa kushirikisha mtendaji na afisa ustawi wa jamii, ndipo hupewa kitambulisho cha matibabu. Msamaha huu una thamani kubwa, lakini una mipaka miwili ambayo mzee hastahili kuigundua akiwa tayari mgonjwa. Mpaka wa kwanza ni kwamba msamaha humwondolea malipo ya kile kilichopo kituoni, na dawa isipokuwepo dirishani anaandikiwa akanunue nje kama mtu mwingine yeyote. Mpaka wa pili ni kwamba umewekwa kwa ajili ya vituo vya umma, hivyo katika hospitali ya kanisa au ya mtu binafsi ni lazima kuuliza mapema kama makubaliano ya hospitali hiyo na serikali yanaugusa msamaha wa wazee, na kwa huduma zipi.

Njia ya pili inamhusu aliyekuwa mtumishi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, ukikusanya asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Mwanachama anayestaafu kwa kutimiza masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kuendelea kuchangia. Mwalimu, muuguzi au karani anayekaribia kustaafu hana sababu ya kusubiri hadi siku ya kukabidhi ofisi ndipo aulize. Miaka miwili kabla, anapaswa kuthibitisha kwamba miezi yake yote ya uchangiaji imeingizwa, kwamba jina la mwenza limesajiliwa kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa, na kwamba anajua kadi ya ajira itakoma lini na ya ustaafu itaanza lini, kwa kuwa pengo la wiki chache kati ya kadi hizo mbili ni pengo ambalo presha na sukari haziliheshimu.

Njia ya tatu, ambayo husahaulika mara nyingi, ni mtoto aliyeajiriwa. Mwanachama wa NHIF katika ajira rasmi anaruhusiwa kuwa na mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mtegemezi, yaani mtu anayetibiwa kwa mchango wa mwanachama, anaweza kuwa mzazi wa mwanachama au wa mwenza wake na si mtoto peke yake. Mtumishi mwenye watoto wawili ana nafasi mbili zilizo wazi, na nafasi hizo zinaweza kuwatosha baba na mama walioko Mang'ula au Lupiro bila nyongeza ya makato katika mshahara. Ndugu wanapokutana kwenye mavuno, arusi au msiba, jambo hili linastahili kuwekwa mezani waziwazi: nani ameajiriwa, nafasi zake zimejazwa na nani, na kama ndugu wawili wameajiriwa, nani ambebe baba na nani ambebe mama.

Mifuko ya kuchangia kwa hiari

Baada ya njia hizo tatu kuchunguzwa na kuonekana hazitoshi, ndipo linapokuja suala la kununua. Kwa kaya ya mkulima, mfuko uliozoeleka ni Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ambao ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukapewa sheria mwaka 2001, na ukaundwa upya mwaka 2018 kwa jina la CHF iliyoboreshwa. Mchango uliowekwa katika muundo huo kwa kaya za nje ya Dar es Salaam ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita, jambo lenye maana ya shilingi 5,000 kwa kila mtu katika kaya iliyojaa, na huduma zake zilipangwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiwekwa juu ya karatasi ya njia ya mgonjwa, mfuko huu unaonyesha nguvu na udhaifu wake papo hapo: unamfaa sana mzee ambaye maradhi yake yanamalizwa zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, lakini unakatika kwa yule anayepaswa kwenda Muhimbili au Ocean Road, au anayehitaji kusafishwa figo.

Mfuko wa pili ni NHIF kwa njia ya vifurushi vya hiari, vilivyoanzishwa mwaka 2019 kwa watu wasio katika ajira rasmi. Kifurushi ni mafungu ya huduma yaliyofungwa pamoja kwa bei moja, na bei hiyo hupangwa kwa umri, hivyo mtu wa miaka 60 na zaidi hulipa zaidi ya kijana kwa huduma zilezile. Sababu yake inaeleweka: mfuko wa hiari huwavutia zaidi watu wanaojijua kuwa wagonjwa, na wagonjwa watupu wakijaza mfuko bila wazima, michango haitoshelezi matibabu. Nchi zilizotaka kuwaondolea wazee mzigo huo zimelazimika kuwaweka wazima na wagonjwa katika mfuko mmoja na kuongeza fedha za kodi. Ghana, kwa mfano, imewasamehe michango watu wenye miaka 70 na kuendelea. Tanzania imeelekea njia hiyo kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, ambayo inakusudia kila mkazi awe na bima na serikali iwachangie wasio na uwezo. Kwa kuwa utekelezaji wa sheria hiyo unabadilisha vifurushi na viwango, kiasi kilichotajwa hapo juu kichukuliwe kuwa kielelezo cha namna ya kupiga hesabu, na kabla ya kulipa, familia ithibitishe kiwango cha siku hiyo katika ofisi ya halmashauri au ofisi ya NHIF.

Kundi la tatu ni kampuni binafsi za bima. Mkataba wake huwa wa mwaka mmoja, na kwa mzee una vifungu vitatu vya kusomwa kwa sauti mbele ya watoto wake kabla ya kutia sahihi. Kifungu cha kwanza ni umri wa mwisho wa kupokelewa na umri wa mwisho wa kuendelea, kwa kuwa bima inayompokea mtu wa miaka 62 na kumwacha akifikisha 70 imemkusanyia michango katika miaka yake myepesi na kumtoa katika miaka yake mizito. Kifungu cha pili ni maradhi yaliyokuwepo kabla ya kujiunga, ambayo baadhi ya mikataba huyatenga kabisa na mingine huyalipia baada ya muda wa kungoja, yaani miezi ambayo mchango unapokelewa lakini huduma fulani haijaanza kutolewa. Kifungu cha tatu ni kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka, kwa kulazwa mara moja au kwa aina moja ya huduma. Kikomo cha kulazwa kinaweza kuwa kikubwa huku kile cha kliniki ya nje, ambacho ndicho mzee hukitumia kila mwezi, kikiwa kidogo kiasi cha kwisha kabla mwaka haujafika nusu.

Maradhi yaliyo mkononi

Kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko umekubali kuzilipia, ndiyo sehemu ya bima inayosomwa na watu wachache kuliko zote, ilhali kwa mzee ndiyo yenye uamuzi. Maradhi ya uzeeni hugawanyika katika makundi matatu, na kila kundi linauliza swali lake.

Kundi la kwanza ni maradhi ya kila mwezi, yakiwemo presha, kisukari na maumivu ya viungo. Haya hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji dawa isiyokatika. Mzee mwenye presha anayehudhuria kliniki mara 12 kwa mwaka ana nafasi 12 za kuambiwa kwamba dawa yake haipo. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa ni hili: dawa hii, kwa jina lake lililoandikwa kwenye karatasi ya daktari, imo katika orodha ya mfuko, inatolewa katika ngazi gani, na ikikosekana dirishani lipo duka la dawa lililosajiliwa na mfuko hapa Ifakara ambako kadi itapokelewa? Bima ndogo inayojibu swali hilo vizuri ina faida kubwa kwa mzee huyu kuliko bima kubwa inayomlipia kitanda cha hospitali ambayo hatafika.

Kundi la pili ni maradhi ya mara moja yanayotibika kwa upasuaji, kama mtoto wa jicho, tezi dume na ngiri. Haya yanaweza kupangwa, na kwa sababu yanaweza kupangwa yanatoa nafasi ya kuchagua kwa akili: familia inayojua kwamba jicho la mama litahitaji upasuaji iulize kama upasuaji huo umo katika kitita, kama kuna muda wa kungoja, na kama miwani ya baadaye inalipiwa au la. Kundi la tatu ni maradhi ya ghafla na mazito, kama kiharusi, kuvunjika nyonga, saratani na kushindwa kwa figo, ambayo humtoa mgonjwa bondeni au humrudisha nyumbani akihitaji mazoezi ya viungo kwa miezi mingi. Hapa swali si kama mgonjwa atapokelewa siku ya kwanza, kwa kuwa dharura hupokelewa, bali ni nani atakayelipa kuanzia siku ya pili, kwa barua gani ya rufaa, na kama mazoezi yanalipiwa baada ya kutoka wodini.

Orodha ya hospitali nayo si kitu cha kusomwa mara moja na kusahaulika. Mwanzoni mwa Machi 2024, mvutano juu ya kitita kipya cha NHIF ulizifanya baadhi ya hospitali binafsi nchini kusitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake. Tukio hilo lilimalizwa kwa mazungumzo, lakini liliacha funzo kwamba mkataba kati ya mfuko na hospitali ni kitu hai kinachoweza kutetereka, na kwamba dirisha la bima la hospitali yenyewe ndilo lenye jibu la leo. Kwa mtu wa bonde la Kilombero ushauri unaotokana na hilo ni mwepesi: kabla ya kulipia kadi yoyote, mwanafamilia mmoja aende dirisha la bima la Mtakatifu Fransisko, au la Lugala kwa aliyeko Malinyi, akiwa na jina la mfuko na daftari la kliniki la mzee, aulize kinachopokelewa na kisichopokelewa.

Kalenda ya mpunga na tarehe ya kadi

Bima hulipwa kwa mwaka, lakini fedha ya bonde la Kilombero haigawanyiki sawa ndani ya mwaka. Mpunga huvunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, ndipo mfuko wa kaya hujaa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili, mashamba yanapolimwa na kupandwa, fedha yote imekwenda kwenye trekta, mbegu na vibarua, na akiba ya chakula imepungua. Majira hayo hayo ya mvua ndiyo huleta malaria, homa na barabara mbovu. Kadi iliyokatwa Februari kwa sababu mzee ameugua Februari hufikia ukomo wake Februari inayofuata, yaani katika mwezi ambao kaya haina uwezo wa kuilipia upya, na kwa namna hiyo mzee hubaki bila bima katika majira yaleyale aliyoikatia bima.

Namna ya kuvunja mzunguko huo ni kuihamishia tarehe ya kadi kwenye mavuno. Kaya inayoanza upya isubiri, ikiwa afya ya mzee inaruhusu, ikate kadi mwezi wa sita; kaya ambayo tarehe yake imeangukia masika itenge fedha ya mwaka unaofuata wakati wa mavuno na kuiweka mahali isipoguswa, kama vile katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mkulima wa miwa wa Kidatu na Msolwa ana kalenda nyingine, kwa kuwa hulipwa kwa kufuata msimu wa kiwanda, lakini kanuni haibadiliki: tarehe ya bima ifuate tarehe ya fedha. Mchango wa shilingi 30,000 ni sawa na shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho kikundi kinaweza kukikusanya bila mtu kuumia, lakini ambacho kikidaiwa chote kwa pamoja mwezi wa pili kinaweza kuikosesha kaya mbegu.

Kisicholipwa na bima

Hakuna kadi inayolipa nauli ya bodaboda kutoka kitongojini, tiketi ya treni, chakula cha muuguzaji, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa wodini, wala siku za kazi alizozipoteza ndugu huyo. Kwa mgonjwa wa Ifakara mjini gharama hizo ni ndogo. Kwa mgonjwa wa Mngeta anayelazwa wiki mbili Morogoro zinaweza kuizidi bei ya matibabu yenyewe. Jambo hili hukua zaidi katika bonde hili kwa sababu ya desturi ya kuhamia shamba, ambapo wazee wengi, hasa wanawake, hukaa miezi kadhaa katika madungu kando ya mashamba ya mpunga ili kufukuza ndege na kupalilia, mbali na zahanati waliyoizoea. Mzee wa namna hiyo anahitaji dawa za miezi miwili kabla ya kuondoka, anahitaji kujua zahanati iliyo jirani na shamba na kama kadi yake inapokelewa huko, na anahitaji kuwa na kadi yenyewe shambani badala ya kuiacha kwenye sanduku nyumbani. Kwa hiyo pembeni ya mchango wa bima, familia iweke fungu dogo la nauli na uuguzaji, na katika kulinganisha bima mbili, ile inayolazimu safari ndefu ihesabiwe pamoja na nauli zake.

Hesabu ya kaya moja

Ili hoja hizi zionekane kwa karibu, ichukuliwe kaya ya mfano ya Mngeta yenye mume wa miaka 71 mwenye dalili za tezi dume, mke wa miaka 66 mwenye presha na kisukari, na wajukuu wawili wanaosoma. Mtoto wao wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, ana mume na watoto watatu. Wa pili anafanya biashara ndogo Ifakara. Kwa haraka, wengi wangeamua kuwakatia watu wote wanne CHF na kufunga mjadala. Karatasi ya njia ya mgonjwa inaonyesha uamuzi mwingine. Mwalimu, mwenye mwenza na wategemezi watatu, amebakiwa na nafasi moja. Mzazi anayestahili nafasi hiyo ni yule ambaye njia yake inaelekea kuvuka ngazi ya mkoa, na daktari ndiye wa kuulizwa kama ni baba, ambaye uchunguzi wa tezi unaweza kumpeleka Dar es Salaam, au ni mama, ambaye kisukari kimeanza kugusa figo. Mzazi anayebaki, pamoja na wajukuu, huingizwa katika mfuko wa kaya unaolipwa na mtoto mfanyabiashara kila mwezi wa sita. Matumizi hayakuongezeka, kilichobadilika ni kwamba kila mgonjwa amepewa kadi inayolingana na njia yake.

Kuandikishwa na kudai haki

Kadi sahihi inaweza kushindwa kazi kwa herufi moja. Wazee wengi wana jina moja kwenye kitambulisho cha taifa, jingine kwenye kadi ya mpiga kura na la tatu kwenye daftari la kliniki, ambako jina la ubatizo, la Kiislamu na la babu hubadilishana nafasi. Mwandikishaji anapokuja na simu yake kupiga picha na kujaza taarifa, mtu anayejua kusoma akae kando ya mzee, ahakikishe jina linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, mwaka wa kuzaliwa ni ule ule, na risiti imetolewa. Baada ya hapo, kadi ijaribiwe wakati mzee akiwa mzima, katika siku yake ya kawaida ya kliniki, ili kasoro yoyote ijulikane pasipo na dharura.

Mzee akikataliwa huduma iliyomo katika kitita, malalamiko yaandikwe yakitaja tarehe, kituo na huduma iliyokataliwa, kisha yaanzie kwa mganga mfawidhi wa kituo na ofisi ya mfuko husika. Kwa mkataba wa kampuni binafsi, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambao waliwekwa ili mwenye bima asisimame peke yake mbele ya kampuni. Kuvitumia vyombo hivyo ni haki, wala mzee asione haya kwa kuambiwa kwamba analalamika sana.

Jambo la mwisho linahusu anayeamua. Watoto huchangia, lakini mwili ni wa mzee, na mara nyingi yeye peke yake ndiye anayejua kwamba dawa fulani humpa kizunguzungu, kwamba hawezi kupanda bodaboda tena, au kwamba angependa kutibiwa Ifakara kuliko kupelekwa mbali na nyumbani. Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya gunia la kwanza la mpunga kutoka ghalani, ndugu wakae na mzee wao, daftari la kliniki likiwa wazi mkekani, waisome njia yake kwa pamoja na kumsikiliza. Na baada ya kukubaliana, tarehe ya mwisho wa kadi iandikwe kwa kalamu nzito kwenye jalada la daftari hilo, mahali ambapo mzee mwenyewe, muuguzi na mjukuu anayemsindikiza wataiona kila mwezi.